Maswali ya Wasomaji: Mume Mwenye Ugonjwa wa Kusahau Amekuwa Mkali, Je, Apewe Dawa?

SWALI: Daktari, nakuandikia nikiwa nimeishiwa nguvu. Mume wangu ana umri wa miaka 74, na miaka mitatu iliyopita aligundulika kuwa na ugonjwa wa Alzheimer. Katika maisha yetu yote ya ndoa hakuwahi kuninyanyulia mkono, lakini tangu mwezi uliopita amekuwa mtu mwingine kabisa. Nikimvua shati ili nimwogeshe hunikamata mikono na kunisukuma ukutani. Usiku huamka akidai kwamba mimi ni mgeni niliyeingia kumwibia fedha zake, na juzi alinipiga kwa fimbo yake ya kutembelea hadi mkono ukavimba. Shemeji yangu alituletea dawa ya mafua ya maji, ile inayoleta usingizi, nami humpa kijiko kila usiku, ingawa naona asubuhi anaamka akiwa amechanganyikiwa zaidi. Daktari wetu amependekeza dawa ya kumtuliza iitwayo risperidone. Mwanangu mkubwa amesoma kwamba dawa hizo zinaua wazee, na hataki hata kusikia zikitajwa. Je, nimpe au nisimpe? Na akikataa kumeza, naweza kuiponda na kuichanganya na chakula bila yeye kujua?
Mke aliyechoka

JIBU: Pole sana, mama. Nitakujibu kuhusu risperidone, na jibu langu halitakuwa la kuzungukazunguka, lakini yapo mambo mawili katika barua yako ambayo yanapaswa kushughulikiwa kabla ya kidonge cha kwanza kumezwa.

La kwanza ni kwamba mabadiliko haya yalianza mwezi uliopita. Ugonjwa wa Alzheimer huenda polepole. Si kawaida yake kumgeuza mtu mpole kuwa mpiganaji ndani ya wiki chache. Mgonjwa wa aina hii anapobadilika ghafla, daktari hupaswa kutafuta ugonjwa mwingine uliojificha nyuma ya ule wa kusahau: maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia inayoanza, mkojo uliobana, kukosa choo kwa siku kadhaa, upungufu wa maji mwilini, sukari iliyopanda au kushuka, jino bovu, au dawa mpya iliyoongezwa karibuni. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makubwa bila homa ya kuonekana, na kwa kuwa hawezi kusema pale panapomuuma, maumivu yake hutoka kama hasira. Kwa hiyo mume wako apimwe mkojo, asikilizwe kifua, aguswe tumbo na aangaliwe kinywa. Kama daktari aliyependekeza dawa alifanya hivyo, vema. Kama aliandika dawa kwa kusikiliza maelezo tu, mrudie na umwombe afanye vipimo hivyo kwanza.

Angalia pia ni wakati gani hasa anakukamata mikono. Unasema ni pale unapomvua shati. Kesho ukimvua, mtazame usoni badala ya kutazama vifungo: akikunja uso au kuvuta pumzi kwa kishindo pale mkono unapopita usawa wa bega, basi huenda una mgonjwa wa bega na si mgonjwa wa hasira. Mwaka 2011 watafiti nchini Norway walichapisha matokeo ya uchunguzi uliohusisha wakazi 352 wa nyumba za kutunzia wazee, wote wakiwa na ugonjwa wa kusahau na tabia za fujo. Baadhi yao walipewa matibabu ya maumivu kwa utaratibu maalumu, wengi wakipata parasetamoli tu, na baada ya wiki 8 fujo zao zilikuwa zimepungua kwa wastani wa asilimia 17, zaidi ya wenzao walioendelea na matunzo ya kawaida. Si muujiza, lakini ni nafuu iliyopatikana kwa dawa ambayo, ikitolewa kwa kipimo sahihi, haina hatari nitakazokueleza hapa chini.

Jambo la pili ni ile dawa ya mafua. Naomba isitumike tena. Dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kama zenye chlorpheniramine au diphenhydramine, huzuia kazi ya kemikali ya ubongo iitwayo asetilikolini, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayopungua katika ugonjwa wa Alzheimer na ambayo dawa kama donepezil hujaribu kuihifadhi. Kumpa mgonjwa huyu kijiko kila usiku ni kumwongezea ugonjwa alio nao, na kuchanganyikiwa unakokuona asubuhi huenda kunatokana na hicho kijiko. Amitriptyline, ambayo wengi hupewa kwa ajili ya usingizi au maumivu ya neva, na oxybutynin ya kuzuia mkojo, zina tabia hiyo hiyo. Weka chupa na vidonge vyote vilivyomo nyumbani katika mfuko mmoja, pamoja na vile vilivyoletwa na ndugu kwa nia njema, ukavimimine mezani kwa daktari au mfamasia ili vikaguliwe kimoja kimoja.

Sasa risperidone. Mwanao hakudanganywa. Mwaka 2005 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo lake kali kabisa kuhusu dawa za kundi hili, ambazo kimsingi zilitengenezwa kutibu magonjwa ya akili kama skizofrenia, zinapotumiwa na wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Katika majaribio 17 yaliyopitiwa, mengi ya wiki kumi hivi, vifo vilikuwa karibu asilimia 4.5 kwa waliopewa dawa na karibu asilimia 2.6 kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake. Kwa maneno mengine, katika kila wagonjwa 100 waliomeza dawa kwa muda huo, takriban wawili walifariki ambao pengine wasingefariki, wengi wao kwa matatizo ya moyo au maambukizi kama nimonia. Mwaka 2008 onyo hilo lilipanuliwa likajumuisha dawa za zamani kama haloperidol, kwa hiyo asitokee mtu wa kukuambia kwamba hizo za zamani ni salama zaidi. Ongeza hapo hatari ya kiharusi, usingizi wa mchana, kukakamaa kwa misuli, shida ya kumeza na kuanguka.

Hata hivyo, onyo si marufuku. Katika nchi za Ulaya risperidone imeidhinishwa kwa ajili ya hali inayofanana sana na yako: mgonjwa wa Alzheimer wa kiwango cha kati au kikali, mwenye ukali usiokoma, ambaye njia zisizo za dawa zimeshindwa kumtuliza na ambaye anaweza kujidhuru au kudhuru wengine, na kwa muda usiozidi wiki 6. Nchini Marekani, dawa ya jamii hiyo iitwayo brexpiprazole iliidhinishwa mwaka 2023 kwa ajili ya fujo za wagonjwa wa Alzheimer, huku ikibeba onyo lile lile. Faida ya dawa hizi ni ya wastani. Huwasaidia baadhi ya wagonjwa, hasa wale wanaopiga na wale wanaoamini kwamba wanaibiwa au wanafuatwa, lakini hazizuii kuzurura, hazikomeshi swali lile lile linaloulizwa mara ishirini, na hakuna kidonge kitakachomfanya mtu apende kuogeshwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Akipimwa na ugonjwa mwingine usipatikane, maumivu yakatibiwa, kijiko cha usiku kikaachwa na bado akaendelea kukupiga, mimi ningekubali dawa ijaribiwe. Wanaohesabu hatari za kidonge husahau mara nyingi kuhesabu hatari ya fimbo, na mke aliyevunjwa mkono hawezi kumtunza mtu. Ila ijaribiwe kama deni lenye tarehe ya kulipwa: ianze kwa kipimo kidogo, na siku ya kuandikiwa ndiyo siku ya kupanga lini itapitiwa tena. Kwa kawaida huanza na miligramu 0.25 mara mbili kwa siku, na wengi hutosheka na miligramu 0.5 mara mbili. Kipimo ni cha daktari wako kuamua. Nakitaja ili ukiona kimeandikwa kikubwa mno mwanzoni usione haya kuuliza sababu. Zikipita wiki 4 za kipimo cha kutosha na hujaona nafuu, dawa ipunguzwe na kuachwa, isiongezewe nyingine juu yake.

Kabla ya kuanza, mweleze daktari kama mume wako huona watu au wanyama wasiokuwepo, kama mwendo wake umekuwa wa kuburura miguu, kama hutetemeka, kama hupiga mateke na kupiga kelele usingizini, au kama akili yake huwa safi siku moja na kuzimika siku inayofuata. Dalili hizo huashiria aina nyingine ya ugonjwa wa kusahau, ule wa miili ya Lewy, na wagonjwa wake wanaweza kudhuriwa vibaya sana na dawa hizi: kukakamaa mwili mzima, kushindwa kuamka, hata kufa. Hili lisiachwe likajulikana baada ya dozi ya kwanza.

Huenda ukatajiwa dawa nyingine. Diazepam na lorazepam, ambazo ni dawa za usingizi na wasiwasi, huongeza kuanguka na kuchanganyikiwa, na wapo wazee ambao huzidisha fujo badala ya kutulia. Valproate, dawa ya kifafa, ilijaribiwa na haikuonyesha faida. Citalopram, dawa ya sonona, ilipunguza fujo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, lakini kwa kipimo cha miligramu 30, ambacho kiliathiri mapigo ya moyo na kumbukumbu. Kwa watu waliozidi miaka 60 kiwango cha juu kinachoshauriwa ni miligramu 20.

Kuhusu kuficha dawa kwenye chakula, usifanye hivyo kwa uamuzi wako peke yako. Mume wako tayari anaamini kwamba unamwibia. Siku atakayohisi ladha ngeni kwenye sahani anaweza kuanza kuamini kwamba unamwekea sumu, na hapo utakuwa umepoteza dawa na chakula kwa pamoja. Risperidone hupatikana pia katika hali ya maji, na ipo ya vidonge vinavyoyeyuka mdomoni, kwa hiyo muulize mfamasia. Hiyo ya maji isichanganywe na chai wala kola. Ikiwa hakuna njia nyingine na ni dhahiri kwamba hawezi tena kuelewa maana ya dawa, basi uamuzi wa kumpa bila kujua ufanywe na daktari pamoja na familia, mwanao akiwemo, na uandikwe katika jalada lake.

Wakati mkisubiri vipimo, usimwogeshe kwa ratiba. Mwendee kwa mbele, akuone kabla hujamgusa. Mfunike mabega kwa taulo iliyokauka, uanzie miguuni na kupanda, na umpe kitambaa akishike mwenyewe, kwa maana mkono ulioshika kitu haukamati mkono wa mtu. Akianza kukaza mwili, acha; rudi baada ya nusu saa kana kwamba ndiyo kwanza unakuja. Anapodai ameibiwa, usijitetee wala usimwonyeshe ushahidi. Mwambie kwamba kupoteza fedha kunaumiza, kisha tafuteni pamoja. Akiinua fimbo, usimkamate: ondoka, ukae upande wenye mlango, urudi akishatulia. Na huyo mwanao anayekataa dawa, mwombe aje alale hapo usiku kadhaa. Simwambii hivyo kwa kumkomoa; anayetaka kuamua kuhusu dawa ya baba yake anastahili kwanza kuona zinavyokwenda saa nane za usiku.

SWALI: Mke wangu ana ugonjwa wa Alzheimer, na kwa mwaka mmoja na nusu amekuwa akitumia risperidone kwa sababu alikuwa akinipiga na kuning'ata. Sasa ametulia, lakini husinzia mchana kutwa, huburura miguu, na mwezi huu ameanguka mara mbili. Kila nikiuliza naambiwa kwamba dawa imemsaidia, tusiiguse. Naogopa tukiiacha vita vitarudi.
Mume mwenye hofu

JIBU: Mzee wangu, kuanguka mara mbili ndani ya mwezi mmoja na kuburura miguu ni sababu ya kutosha ya kumwona daktari wiki hii, bila kusubiri tarehe ya kliniki. Dalili ulizozitaja zote zinaweza kuletwa na dawa hiyo.

Utulivu wake nao usihesabiwe wote kuwa kazi ya kidonge. Ukali katika ugonjwa huu mara nyingi huja kwa kipindi kisha hupungua wenyewe kadiri ugonjwa unavyosonga, na dawa hubaki mwilini ikitibu kitu ambacho hakipo tena. Ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2016 wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani unashauri kwamba hata mgonjwa aliyepata nafuu ajaribiwe kupunguziwa dawa ndani ya miezi 4 tangu alipoianza, isipokuwa kama aliwahi kuachishwa na hali ikarudi. Mkeo amepita muda huo kwa mbali.

Tafiti za kuwaachisha wagonjwa zinaonyesha kwamba wengi huacha bila mabadiliko makubwa ya tabia. Wanaorudiwa zaidi ni wale ambao dalili zao za mwanzo zilikuwa kali sana, na wale waliokuwa wakiona au kusikia vitu visivyokuwepo, kwa hiyo mkumbushe daktari jinsi mkeo alivyokuwa kabla ya dawa. Usiikatishe kwa siku moja. Mwombe daktari aandike ratiba ya kupunguza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, amwone mkeo angalau mara moja kila mwezi wakati wa kupunguza, na aendelee kumfuatilia kwa miezi 4 baada ya kidonge cha mwisho. Wewe nyumbani uwe na daftari: kila siku andika kama alipiga, alianguka, alilala mchana kwa muda gani, na kilichotokea muda mfupi kabla. Ukali ukirudi kwa kweli, na isiwe ni jino au mkojo, inawezekana kurudishiwa dawa kwa kipimo kidogo kuliko cha sasa, na daftari hilo ndilo litakalomwonyesha daktari ni kipimo kipi kilikuwa kidogo mno kumtuliza.