Rula ilinidanganya

Wadogo zangu mnaoanza hesabu ya mistari mwaka huu, nawaandikia kutoka Goma, ambako jioni nasaidia watoto wa mtaa wetu kurudia masomo. Swali la kama nukta iko kwenye mstari au haiko, wengi wanalidharau. Mimi pia nililidharau.

Tulipewa mstari y = 0,7x + 0,3 na nukta (4; 3). Nikachonga kalamu, nikachora kwa rula, nukta ikakaa kwenye mstari bila wasiwasi. Nikaandika: ndiyo. Nikapata sifuri. Weka 4 mahali pa x: 2,8 na 0,3 ni 3,1, siyo 3. Kwenye daftari la miraba ya milimita 5, mraba mmoja ukiwa 1, tofauti hiyo ni nusu milimita. Risasi ya kalamu yenyewe inaimeza!

Kwa hiyo chora upate picha, lakini jibu litoke kwenye mlinganyo, ile ekwasio. Namba ya kwanza inaingia kwa x, ya pili kwa y. Pande mbili zikilingana, nukta iko. Hakuna "karibu iko".

Panapoumiza zaidi ni alama ya kutoa. Chukua 2x − 3y + 4 = 0 na nukta (−5; −2). Kila mwaka kuna anayeniandikia −10 − 6 + 4, anapata −12, anakataa. Kumbe −3 mara −2 ni +6, na −10 + 6 + 4 ni 0. Iko. Namba hasi ifunge kwenye mabano kabla ya kuiingiza, hata ukiona unaandika kama mtoto.

Na pande mbili zisipolingana, usifute haraka. Tuseme moto, pikipiki ya abiria, inachukua franga 500 za kupanda na 300 kwa kila kilomita, yaani y = 300x + 500 (bei nimezitunga, wenye moto msinipigie kelele). Kilomita 4 ni franga 1 700. Ukiombwa 2 000, nukta (4; 2 000) imepanda juu kupita mstari, na zile 300 ndizo unazoibiwa.

Mstari kama x = 3 hauulizi y kabisa; tazama x tu.

Kwenye Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ukiulizwa mstari upi unapita kwenye nukta mbili, ingiza nukta ndani ya majibu uliyopewa. Lakini jaribu nukta zote mbili: mtunzi hakosi kuweka jibu linalopita kwenye ya kwanza peke yake.