Dari ya Chevrolet C10: plastiki au kadibodi?

Chukua ya plastiki ya ABS, ile plastiki ngumu. Kwa C10 (pikapu ya Chevrolet) ya 1970 unayotaka kuitumia barabarani, kadibodi iliyopakwa rangi ni mapambo tu: ikishika unyevu inavimba, kisha inapinda katikati na hainyooki tena. Nasema hivi kwa sababu kazi yangu ni viti na dari za magari, na kadibodi ndiyo inayorudi kwangu kila masika.

Kama unapendelea kitambaa chenye sponji nyuma, kwangua sponji yote ya zamani kwanza, hadi kwenye ubao wenyewe. Ile ikizeeka inageuka unga wa kahawia unaoshika vidoleni, na gundi mpya ukiipaka juu yake haishiki ubao, inashika unga. Miezi michache tu kitambaa kinakugusa kichwa. Na gundi iwe ya kuhimili joto. Ya viatu inaachia jua likipiga bati.

Paneli za milango ni hivyo hivyo, ila usitupe ile karatasi ya nailoni iliyo nyuma yake. Maji ya mvua hupita kando ya kioo na kushuka ndani ya mlango, na karatasi hiyo ndiyo inayoyazuia yasifike kwenye paneli.

Muuzaji akikuletea dari au paneli za C10 za 1973 kwenda mbele, kataa, maana bodi ilibadilika kabisa. Ila kama gari lako ni la maonyesho na majaji wanataka uasili, basi ABS itakukosesha alama.