Daktari, niutoboe huu uvimbe wa begani?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mbeba mizigo sokoni, nina miaka 46. Nyuma ya bega la kulia nina uvimbe laini, sasa umefika ukubwa wa ndimu. Ulianza mdogo miaka mingi nyuma. Hauumi, ila gunia likikaa juu yake unanikera. Shemeji anasema ni mafuta yameganda, niutoboe kwa sindano ya moto yatoke. Hata chipsi nimeacha. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Kwanza, sindano ya shemeji irudi kwenye cherehani.

Kwa maelezo yako, huo unaelekea kuwa lipoma: chembe za mafuta zilizokua pamoja ndani ya utando mwembamba. Hayo si mafuta ya kumiminika yanayongoja tundu, ni nyama hai yenye mishipa yake ya damu. Ukiitoboa utaambulia damu, na baadaye pengine usaha au pepopunda.

Chipsi umezionea. Hata watu wembamba huota lipoma, na kuna koo ambazo ndugu kadhaa wanazo. Kupungua uzito hakuziondoi, wala sijui dawa ya kupaka inayoziyeyusha, ingawa wauzaji hawakosekani.

Ubonyeze kwa vidole. Lipoma hubonyea na kuteleza chini ya ngozi. Haigeuki saratani, lakini ipo saratani adimu inayofanana nayo, ndiyo maana nataka daktari aushike kwa mkono wake. Ukizidi sentimita 5, ukikua haraka, ukiwa mgumu, ukianza kuuma au ukiwa umeng'ang'ania chini, usisubiri. Hapo huanza na kipimo cha ultrasaundi, pengine na kuchukua kinyama kidogo.

Usingekukera ningekwambia uuache. Ila kazi yako ni ya bega, kwa hiyo kuutoa kuna maana. Mara nyingi ni upasuaji mdogo: unapigwa ganzi, ngozi inachanwa, uvimbe unatolewa pamoja na utando wake, unashonwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kipande kikibaki, unaweza kuota tena. Omba kilichotolewa kipelekwe maabara.

Magunia yahamie bega la kushoto, au afadhali uyaache kabisa, hadi daktari aone kidonda kimeshika. Nyuzi za sehemu hiyo hukaa kama wiki 2. Na kabla ya kupangiwa siku, sema kama una kisukari au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.