Chaneli ya katuni ikinunuliwa, vipindi huenda wapi?

Mkuu, umeuliza kwa nini kipindi anachokipenda mwanao kimetoweka miezi michache baada ya chaneli kuuzwa, ilhali kilikuwa na watazamaji kibao. Nimekaa miaka sita kwenye dawati la ratiba la chaneli moja ya watoto (jina naliacha), na ikauzwa nikiwa humo humo. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza, ondoa wazo kwamba watazamaji ndio wanaoamua. Wiki ya pili baada ya mmiliki mpya kuingia tuliletewa jedwali la kujaza. Safu zilikuwa nne: jina la kipindi, gharama iliyobaki vitabuni (sehemu ya gharama ambayo wahasibu bado hawajaiondoa kwenye hesabu), haki za kukionyesha zinaisha lini, mmiliki nani. Nikauliza idadi ya watazamaji tuiandike wapi. Nikaambiwa hiyo mtaleta baadaye. Hakuna aliyekuja kuiomba.

Tatizo ni deni. Ununuzi mwingi wa aina hii hufanyika kwa mkopo, na mkopo hauna subira. Warner Bros. Discovery, kampuni ya filamu na televisheni ya Marekani, ilipozaliwa Aprili 2022 kwa kuunganishwa WarnerMedia na Discovery ilikuwa imebeba deni la zaidi ya dola bilioni 50. Agosti mwaka huohuo, vipindi na filamu 36 viliondolewa HBO Max, huduma yake ya kutazama kwa intaneti, zikiwemo katuni kama Infinity Train na Summer Camp Island. Kipindi kikiondolewa, thamani yake iliyobaki vitabuni huweza kuandikwa kuwa hasara, kodi ikapungua, na mirabaha ya waliokitengeneza ikakoma. Mhasibu anafurahi. Aliyekichora usiku na mchana kwa miaka mitatu, ndiyo hivyo tena.

Kinachowachanganya wengi ni muda. Katuni, tangu iidhinishwe hadi ionyeshwe, huchukua mwaka na nusu, hata miwili. Kwa hiyo mwaka wa kwanza wa mmiliki mpya bado mnakula akiba ya yule wa zamani, na mnasema mbona mambo ni yaleyale. Ukame huja baadaye. Kwetu mbegu zake zilipandwa mapema zaidi: tangu mauzo yatangazwe hadi yakamilike hakuna aliyethubutu kusaini mkataba wowote. Mashimo ya ratiba nikawa naziba kwa marudio. Kuna kipindi kimoja nilikipa nafasi saba kwa siku, hadi nikawa naota wimbo wake wa mwanzo. Bosi mpya alisema mtoto hachoki marudio, na nikiri hapo hakukosea sana. Wa miaka mitatu anaweza kuangalia sehemu ileile mara ishirini na akacheka palepale. Wa miaka tisa ndiye anayeondoka, na akishahamia kwenye simu humrudishi.

Sisemi kila ununuzi ni msiba. Kampuni ya Ted Turner, tajiri wa televisheni wa Marekani, iliinunua studio ya katuni ya Hanna-Barbera mwaka 1991, na maktaba ile ya akina Scooby-Doo ikawa mtaji mkubwa wa kuanzishia Cartoon Network Oktoba 1992. Yule alinunua ili aonyeshe. Linganisha na Disney ilipoichukua Fox mwaka 2019: ndani ya furushi kulikuwa na studio ya katuni ya Blue Sky, na Disney tayari ilikuwa na studio zake. Blue Sky ikafungwa Aprili 2021, filamu ya Nimona ikiwa haijamalizika. Bahati kampuni ya filamu ya Annapurna wakaiokota, ikatoka Netflix mwaka 2023 na kuteuliwa kuwania Oscar. Ila studio iliyoianza haikuwepo tena.

Sasa kuhusu kipindi cha mwanao: kama una sehemu yoyote uliyohifadhi, isogeze hadi mwisho usome mstari wa haki miliki. Ukikuta jina la studio inayojitegemea, chaneli ilikuwa mpangaji tu. Mkataba ukiisha kipindi kinaweza kuibukia kwingine, pengine kwa sauti nyingine. Ukikuta jina la chaneli yenyewe, basi ni mali ya aliyenunua, na akitaka anakifungia kabatini bila kuulizwa na mtu.

Sisi tulikuwa nacho kimoja cha aina hiyo ya pili. Sehemu tisa zilikuwa zimeshatiwa sauti, bado kupangiwa siku tu. Mara ya mwisho kuziona zilikuwa kwenye diski ya akiba niliyoibandika mwenyewe karatasi: SUBIRI MAELEKEZO.