Sensa zinalia kila nikiweka rivasi. Nizikate?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Noah ya mwaka 2010, niko Pasua, Moshi. Wiki ya tatu sasa, kila nikiweka rivasi sensa zinalia mfululizo, tiiiii, hata nyuma pakiwa peupe. Fundi wa kwanza kasema zote nne zimekufa, ninunue seti mpya. Wa pili kasema azikate tu, kamera inatosha. Nimsikilize yupi?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Usimsikilize hata mmoja.

Huyo wa kwanza anataka kukuuzia seti. Sensa nne kufa siku moja ni kama taa zote za nyumba kuungua kwa mpigo: mtu mwenye akili anaangalia umeme kwanza, haendi dukani kununua globu nne. Tena kwenye seti nyingi tunazofunga huku kwetu, sensa iliyokufa kabisa hailii, inanyamaza. Yako inapiga kelele kwa sababu kuna kitu inakisikia, au inadhani inakisikia.

Kile kidude cha duara kwenye bampa ni mdomo na sikio kwa pamoja. Kinatoa sauti ya kama kilohezi 40, ambayo binadamu hatuipati kwa kuwa masikio yetu yanaishia kwenye 20, kisha kinatulia kusikiliza mwangwi. Kitu kikiwa mita moja nyuma, mwangwi unarudi baada ya milisekunde kama 6. Sasa uso wa sensa ukishapiga hautulii papo hapo. Unaendelea kutetemeka kidogo, kama sufuria uliyoigonga kwa mwiko. Likigandia tope, au tone la maji, au fundi rangi akiongeza puti na rangi nzito juu yake, mtetemeko huo unavurugika, na boksi, yaani kile kisanduku kinachoziongoza sensa zote nne, linauhesabu kuwa ni mwangwi wa kitu kilichokaribia kabisa. Ndiyo hiyo tiiiii yako. Mara nyingine sensa ni nzima lakini bampa liligongwa likanyooshwa vibaya, sensa ikainama, kazi yake ikawa kupima umbali wa ardhi. Au kibati cha namba kimepinda kikaja mbele yake.

Kwa hiyo anza na kitambaa chenye maji. Ule udongo wa barabara za kupanda Kibosho ukikauka kwenye ukingo wa sensa huuoni kwa macho, upitishie kucha. Na ukienda kuosha gari, mwambie kijana asielekeze ile pampu ya presha kwenye sensa; maji yakiingia kwenye plagi kwa nyuma, mchezo unakuwa mwingine.

Ikiendelea kulia, tafuta mahali tambarare, weka mawe kwenye magurudumu na vuta hendibreki. Washa swichi bila kuwasha injini, weka rivasi, kisha mtu apite nyuma atege sikio kwenye kila sensa, moja moja. Sensa nzima inasikika ikitoa vimlio vidogo, tik-tik-tik, kama saa ya mkononi. Isiyotoa kitu iwekee alama. Halafu nenda kwenye boksi, kwa kawaida limejificha pembeni ya buti, uone plagi nne zilizoandikwa A, B, C na D. Chomoa A na B, uzibadilishane, upime tena. Tatizo likihama na sensa, sensa ndiyo mbovu, nunua hiyo moja, ya aina ile ile. Likibaki kwenye tundu lile lile, boksi ndilo linaumwa. Kazi ya nusu saa na haina gharama yoyote.

Ikilia ovyo, leo hivi kesho vile, pima umeme. Boksi hupewa moto kutoka kwenye waya wa taa ya rivasi, na mafundi wengi huusokota kwa vidole na kuuzungushia solotepu. Nao wanapima kwa kile kitaa chao cha mkononi, kikiwaka wanasema moto upo. Kitaa kinawaka hata kwa volti 9! Tumia mita. Gari likiwa linaunguruma, boksi lipate volti zinazokaribiana na za betri, yaani 13 na ushee. Zikipungua sana, dawa ni kuchomea ule muungano kwa risasi na kusafisha waya wa hasi pale unapofungwa kwenye bodi.

Huyo wa pili ndiye anayenikera zaidi, na wako wengi. Watu wameshajiwekea kwamba mlio ni ugonjwa na ukimya ni uzima. Kwa miaka yote ya kazi yangu hapa Arusha sijaletewa gari kwa sababu sensa zimenyamaza. Wanakuja wakiwa wamechoshwa na kelele. Gari moja nililifungua kibati cha buti nikakuta spika ya sensa imezibwa kwa plasta ya kidonda, tabaka tatu, imepangwa vizuri kabisa. Mwenye gari alilinunua hivyo. Alikuwa akirudi nyuma anasikia kimya, anajua ni kweupe, mpaka siku alipokita nguzo ya simtanki la nyumbani kwake. Na hakuja kwangu kwa ajili ya sensa, alikuja kwa ajili ya taa iliyovunjika.

Kamera haitoshi, dada. Lenzi yake ni pana, inafanya kitu cha karibu kionekane kiko mbali. Ile mistari ya kijani na nyekundu kwenye kamera za bei rahisi haipimi chochote, imechorwa tu. Na kamera haikuiti: ukiangalia saiti mira wakati mtoto anapita, yeye anapita. Tena muulize huyo fundi kama kamera yako ni ile iliyokuja na gari kutoka Japani. Toyota nyingi za namna hiyo kamera yake inalishwa volti 6 na redio ya kiwandani. Watu wanang'oa redio ya Kijapani, wanafunga ya Android, wanaipa kamera volti 12, inaonyesha picha siku chache, kisha kiza. Halafu wanasema kamera za Japani hazidumu.

Wenye malori nao wana lao. Mwenye nyumba akilalamikia kile king'ora cha rivasi alfajiri, dereva anachomoa waya, basi, anabaki na utingo wa kugonga bodi na kupaza sauti, "Lete, lete, lete, weka!" Utingo akienda kunywa chai, lori linarudi nyuma kimya kimya.

Hata sensa zako zikipona, zina upofu wake. Nguzo nyembamba au waya wa seng'enge zinaweza kuukosa. Nguo nzito inameza sauti, na mwezi wa saba huku kwetu watoto wote wako kwenye masweta. Baada ya matengenezo fanya hivi: injini ikiwa imezimwa na gari limezuiwa vilevile, weka ndoo ndogo mita moja na nusu nyuma ya bampa. Mtu aisogeze kwa fimbo, taratibu. Sensa zitaanza kulia, zitaongeza kasi, na ndoo ikikaribia kuingia chini ya bampa mlio unaweza kukatika ghafla. Weka alama ya chaki pale ulipokatikia, kisha simama hapo uangalie ndoo imebaki umbali gani na tairi.