Matema hadi Lumbila kwa mtumbwi: hesabu pa kutua, usihesabu kilomita

Mkuu, futa huo mpango wa kuondoka Matema saa 8 mchana. Umeandika kwamba mko watatu, mnakodi mtumbwi wa mti wiki ya Nane Nane, mnapita Ikombe, mnapiga kambi njiani, mnaendelea hadi Lumbila. Ukauliza hema gani, jiko gani, chakula kiasi gani. Mtatua wapi hukuuliza, na waliokujibu hapo juu nao hawakukukumbusha. Wamekwambia "shikilia ukingo tu, mtafika". Inaniuma kuuona ushauri huo ukirudiwa kila uzi wa Ziwa Nyasa, kwa sababu kwenye ufuko ule ndio unaozamisha watu.

Upande wa Kyela ni tambarare na mchanga, ukichoka unateleza tu nchi kavu. Ukishaiacha Matema kuelekea Ludewa, Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja majini. Kati ya kijiji na kijiji kuna vipande virefu vya majabali ambapo huwezi kuvuta mtumbwi, huwezi hata kusimama. Halafu mnakwenda msimu wa mwera. Kuanzia mwezi wa 5 hadi wa 8 na kuendelea, upepo huo unatoka kusini-mashariki, na ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550. Mawimbi yanajijenga njia nzima yakija kaskazini, na Matema iko kwenye ncha hiyo hiyo ya kaskazini. Tena mwera si wa jioni moja, unaweza kupiga siku mbili tatu bila kupumzika.

Sasa sikiliza kinachotokea ukishikilia ukingo wa majabali. Wimbi likifika mchangani linavunjika na kuishia hapo. Likigonga jabali linarudi. Linalorudi linakutana na linalokuja, maji yanainuka juu kama yanachemka, hayana mwelekeo wa kuyakabili. Mtumbwi wa mti una tumbo la mviringo na kingo fupi, kwa hiyo unakunywa maji kushoto na kulia. Maji yakifika kwenye kifundo cha mguu ndani ya mtumbwi, kazi imeharibika: kila ukiinama upande mmoja yote yanakimbilia huko, mtumbwi unazidi kulala, na wimbi linalofuata linamalizia. Hapo uko mita 10 kutoka nchi kavu usiyoweza kuipanda. Penye majabali kaa mbali, mita 50 au zaidi, na upite wakati maji yameshalala.

Kanuni yangu ni moja na sitaibadilisha: popote ulipo, uwe na mchanga wa kutua, mbele au nyuma, usiozidi nusu saa ya kupiga kasia. Watu wasiozoea, na mizigo ndani, wanakwenda kama kilomita 3 kwa saa maji yakiwa shwari. Mwera ukikupiga usoni hiyo inashuka hadi 1, au unapiga kasia ukiwa palepale. Kipande kinachozidi saa nzima bila pa kutua msikipite peke yenu. Chukueni mvuvi wa huko akae nyuma ashike usukani kwa kasia lake, au pandeni boti ya injini.

Orodha ya pa kutua haimo kwenye ramani ya simu. Ulizeni akina mama Wakisi wa Ikombe wanaoleta vyungu kwa mitumbwi kwenye soko la Jumamosi pale Lyulilo, jirani na Matema, wanaijua kila kona. Andikeni kwa mpangilio: jina la mahali, mchanga unatosha mitumbwi mingapi, pamekingwa dhidi ya mwera au la, na muda kutoka pa mwisho. Ondokeni saa 12 asubuhi, na saa 4 mtumbwi uwe umeshavutwa juu. Saa 4 ikifika na hamjafikia mlipopanga, tueni pa karibu mlale hapo. Chakula cha siku mbili za ziada kibebwe kwa sababu hiyo.

Wanaokodisha nao wanajua kukutuliza: "mtumbwi wa mti hauzami". Ni kweli mti unaelea. Ukijaa maji unaelea ukijiviringisha kama gogo, na watu watatu hawawezi kuupanda. Kwa hiyo jaketi okozi liwe mwilini, vifungo vyote vimefungwa, kabla mguu haujaingia mtumbwini. Wengi wanalikalia kama mto. Jaribu kulivaa ukiwa ndani ya maji uone: linapanda juu, mikono haipiti. Lipime hivi: limefungwa, mwenzako alivute juu kwa mabega, likikufika masikioni ni kubwa, badilisha. Asiyejua kuogelea asichukue lile jembamba la michezo.

Mzigo mzito ukae chini katikati, na kutoka maji hadi ukingo ibaki shubiri nzima. Ikipungua, punguzeni mzigo, au mtu mmoja apite kwa miguu. Dumu la lita 5 lililokatwa, limefungwa kamba, ndilo la kuchotea maji yanayoingia mtumbwini. Kasia la akiba moja. Mkipigwa na wimbi pigeni magoti, msisimame. Mkipinduka mshikilie mtumbwi, msiukimbilie ukingo wa mawe. Na wakati wa kurudi upepo unatoka nyuma, watu wanafurahi, kumbe ndipo hatari inapozidi: wimbi linainua mkia, mtumbwi unageuka ubavu. Wa nyuma asiache kuongoza hata sekunde.

Mengine kwa haraka. Msioge wala kulala karibu na midomo ya mito kama Lufirio, mamba wapo. Chandarua ni lazima. Kichocho kipo ziwani, mkapime wiki kama 6 hadi 8 baada ya safari. Tazama utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wa upepo na mawimbi Ziwa Nyasa kila jioni, na mwachie mtendaji wa kijiji karatasi yenye majina yenu na siku ya kurudi. Zimamoto na Uokoaji ni 114, ila msitegemee mtandao chini ya majabali.

Hema na jiko sijagusa, najua. Weka hapa orodha yenu ya pa kutua kati ya Ikombe na Lumbila, pamoja na muda wa kila kipande, tuikague kwanza.