Majina anayoyataja babu usiku

Wasomaji wangu, tangu Siku ya Mashujaa ipite barua nyingi zinazonifikia ni za wazee wa vita, na sio Kagera peke yake, watu wanauliza hadi vita za enzi ya mkoloni. Nimechukua tatu. Hii ya kwanza nimekaa nayo siku nne kabla sijashika kalamu.

Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka wilaya ya Mpwapwa. Kwetu yupo babu, yaani baba yake na babu yangu, alikuwa keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya mkoloni Mwingereza, alipigana vita ya Hitla, na nyumbani wanasema keshapita miaka mia. Kwenye kata yetu walikuwepo kadhaa sasa kabaki yeye tu. Mchana ananyamaza, habari za juzi hazikumbuki, lakini usiku anaita watu, anataja majina na mengine sio ya Kigogo, halafu anasema mvua, mvua. Ana nyota ya shaba yenye pembe sita, utepe umepauka ila bado unaona buluu, nyekundu pana katikati na mistari ya rangi ya chungwa. Nataka nimrekodi kwa simu ila baba mkubwa amekataa, anasema nitaamsha vitu vilivyolala. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Tuanze na nyota. Kwa ulivyoieleza hiyo ni Nyota ya Burma, nchi ya Asia ambayo siku hizi inaitwa Myanmar, walipewa waliopigana kule na Wajapani. Nyota hizo Waingereza walizitoa bila kuchonga jina la mtu, kwa hiyo siku ikitoka mlangoni kwenu haitakuwa na mwenyewe tena, itakuwa shaba tu. Akija mtu wa kununua vitu vya kale akawatajia laki mbili, laki tatu, msitoe. Ifungeni kwenye kitambaa kikavu pamoja na karatasi yenye jina lake kamili, jina la baba yake na kijiji.

Sasa Burma yenyewe, maana nadhani nyumbani hamjawahi kuambiwa. Vijana wa KAR kutoka Tanganyika waliopelekwa huko wengi walikuwa kwenye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye nembo ya kichwa cha kifaru. Mwaka 1944 waliingia bonde la Kabaw wakiwafukuza Wajapani katikati ya masika ya kule, na masika ya kule sio haya yetu, ni miezi ya mvua, tope hadi magotini, malaria, magari yanazama, mizigo inaenda kwa mabega, hivyo hivyo mpaka wakafika Kalewa mwanzoni mwa Desemba na kuvuka mto Chindwin. Mtu kazaliwa Ugogo ambako tunaangalia mawingu hadi Desemba tukiomba tone, unamweka kwenye mvua ya namna ile akiwa na miaka kumi na nane, kumi na tisa. Uliponiandikia kwamba anasema mvua, mvua, niliweka barua chini nikatoka nje kidogo.

Baba yako mkubwa ana hoja, usimwone mkorofi. Amekua akimwona huyo mzee, huenda alishamuuliza akiwa mdogo akaona uso unavyobadilika. Lakini mwambie kwa heshima kwamba hivyo vitu havijalala, kama vingekuwa vimelala mzee asingeita watu usiku. Mwombe akae na wewe siku hiyo, yeye ndo aanze kuongea, wewe shika simu tu. Na mzee mwenyewe aambiwe kwamba anarekodiwa, asirekodiwe kwa kuibiwa.

Fanyeni asubuhi akishakunywa uji, jua halijawa kali. Muulize walikuwa wanakula nini, viatu vya jeshi alivivaaje mara ya kwanza, nani alimfundisha kulenga, nyimbo za kwata zilikuwaje, kama kuna moja anaikumbuka aimbe. Nyimbo hazipotei haraka kama habari zingine, nimeona wazee waliosahau majina ya watoto wao wakaimba wimbo mzima. Usimuulize kama aliua mtu, hilo akitaka atasema mwenyewe. Akifika kwenye meli akanyamaza mwache anyamaze, maana Februari 1944 meli iliyoitwa Khedive Ismail ilitoka Mombasa na askari wetu wa mizinga ikazamishwa na manowari ya Wajapani karibu na Maldivi, wakafa karibu watu 1,300, na huenda naye alisikia. Robo saa inatosha, kesho mtaendelea. Na hiyo rekodi usiiache kwenye simu moja, simu zinaibiwa na kufa maji, watumie ndugu watatu wanne kwenye WhatsApp na moja weka kwenye fleshi.

Kubwa kuliko yote ni hayo majina ya usiku. Weka daftari karibu na anapolala, anayeamka naye aandike, jina kama linavyotamkwa na tarehe basi. Inawezekana kabisa hao ni wenzake waliobaki kule na kwao hakuna aliyeambiwa wamekufia wapi. Ile tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola imeweka majina kwenye intaneti, unatafuta bure, na waliokufa Burma bila kaburi linalojulikana wameandikwa kwenye mnara wa Rangoon ambao una majina karibu 27,000, Waafrika Mashariki wamo. Ukitafuta usikate tamaa mapema, karani aliandika alivyosikia, jina la Kigogo linaloanza na Ch linaweza kuwa limeandikwa kwa C, kwa S au kwa Tsh. Ukilipata hata moja mrudie mzee umtajie. Mwambie babu, huyu ameandikwa, yupo.

Habari mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma mjini. Nimesoma kwamba askari wa mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza alishafariki miaka mingi. Alikuwa nani, na wa kwetu wa mwisho alikuwa nani?

Nzuri sana. Wa mwisho kabisa aliyetambuliwa duniani alikuwa mama, Florence Green, Mwingereza, alihudumu kwenye mesi ya maofisa wa jeshi la anga, alifariki Februari 4, 2012 akiwa na miaka 110. Mwaka mmoja kabla alitangulia Claude Choules aliyekuwa baharia, alifia Australia. Na Harry Patch, wa mwisho kati ya waliopigana kwenye mahandaki kule Ulaya, alifariki Julai 25, 2009 ana miaka 111, tarehe ileile ambayo sisi tunaweka mashada kwa mashujaa wetu.

Wa kwetu ndo swali linalouma. Ili umjue wa mwisho lazima kwanza uwe umewaandika wote. Wenzetu walikuwa na daftari, wakawa wanafuta jina moja moja mpaka likabaki moja, dunia nzima ikaenda kumpa mkono. Huku kwetu waliobeba vita ile walikuwa wapagazi, kwa upande wa Waingereza peke yake wanakadiriwa kama milioni moja, na hesabu ya serikali yenyewe ilikubali waliokufa wanapita 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Kariakoo ya Dar jina lake limetoka kwenye jeshi hilo la wabeba mizigo, kwa Kiingereza Carrier Corps. Mwaka 2021 tume ileile ya makaburi niliyoitaja juu ilitoa ripoti kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wanaweza kufika 350,000.

Kuna kisa kinachosimuliwa cha mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wazee wa Lettow-Vorbeck, aliyekuwa kamanda wa Wajerumani huku kwetu kwenye vita ile. Mtu wa benki alikuja mpaka Mwanza, wakajitokeza wazee kama 350, wenye vyeti wakawa wachache sana, wengine wameleta kipande cha sare ya zamani. Basi akampa kila mmoja fagio ashike kama bunduki, akatoa amri za kwata kwa Kijerumani, na inasemwa hakuna hata mmoja aliyekosea. Nakipenda hicho kisa ila kila nikikisikia nawaza mpagazi. Yeye angepewa nini athibitishe? Angewekewa mzigo kichwani atembee?

Na Ugogo yetu ililipa mara mbili. Majeshi ya pande zote yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume, halafu mvua ikakosa, ndo ikaja ile njaa wazee wanayoiita Mtunya, kati ya 1917 na 1920, watu wakafa vijijini huku vita keshaisha Ulaya. Kaka yake bibi mzaa mama alichukuliwa kubeba mizigo wakati huo, hakurudi. Hatuna karatasi, hatuna kaburi, jina tunalo kwasababu moja tu, bibi alimpa mjomba wangu, na mjomba kampa mjukuu wake ambaye sasa anasoma la nne na akiitwa darasani anaitwa jina la yule mpagazi. Kwa hiyo mdogo wangu daftari letu liko kwenye majina ya watoto. Ukienda likizo uliza jina lako la nyumbani ulirithi kwa nani, na huyo naye alilirithi kwa nani, usiishie kwa wa kwanza.

Mwalimu, mimi nipo Kondoa, wakati wa kulima tumekuta maganda ya risasi mengi yamepata kutu ya kijani. Watu wanasema ni ya Mjerumani. Kweli vita ilifika huku?

Ilifika tena kwa nguvu. Jenerali van Deventer na wapanda farasi wake wa Afrika Kusini, waliokuwa upande wa Waingereza, waliingia Kondoa Irangi Aprili 1916, mvua ikawafungia humo, chakula shida, farasi wanakufa, na Lettow-Vorbeck akaleta askari wake akawashambulia usiku wa kuamkia Mei 10. Alishindwa kuwatoa. Mwisho wa Julai Waingereza wakawa wameshachukua Dodoma na reli.

Hayo maganda msiyasugue wala msiwauzie wa vyuma chakavu. Yapige picha yakiwa palepale ardhini. Mkikuta kitu kizito cha duara au kirefu kama chupa msikiguse, ondoeni watoto, mwambieni mwenyekiti wa kijiji aite polisi, hata kikiwa na miaka mia kinaweza kulipuka. Na nakuomba kitu kimoja, waulize wazee hapo mnapolima panaitwaje kwa Kirangi na kwanini paliitwa hivyo, halafu niandikie.